Mapishi ya Kilichokosekana

Kitabu cha mapishi cha kawaida huanza na orodha ya vitu unavyotakiwa kuwa navyo: oveni nyuzi 180, mizani, siagi isiyo na chumvi. Jiko la mtaa wa Mwanga au Ujiji, hapa Kigoma, huanza upande wa pili. Mkaa umebaki wa kiganja kimoja, umeme umekatika, sufuria kubwa imeazimwa msibani, na watu wanataka kula kabla ya saa mbili usiku. Vitabu ambavyo vingetufaa basi visingepangwa kwa supu, nyama na vitindamlo. Vingepangwa kwa upungufu, kila kitabu na cha kwake. Vifuatavyo ni vichache ambavyo vingestahili kuandikwa. Majina yake ni ya utani, lakini vipimo vimeshapikwa na kuliwa.

MKAA WA MWISHO

Hiki kingekuwa kinene kuliko vyote, maana mkaa ndio unaokula hela. Chakula kikishachemka, sehemu kubwa ya mkaa unaoendelea kuwaka chini yake inafidia tu joto linalotoroka pembeni na juu ya sufuria. Lizuie lisitoroke, na mkaa unaweza kuzimwa ukatunzwa kwa kesho.

Tafuta kapu au boksi gumu linaloacha nafasi ya vidole vinne hadi vitano kila upande wa sufuria. Jaza nguo kuukuu, maganda ya mpunga au majani makavu chini na pembeni, kisha shona mto wa kufunika juu. Mto ndio watu hupuuza, na joto hupotea zaidi kwa juu. Mfuniko wa sufuria ubane. Kama unacheza, uweke kitambaa safi katikati.

Wali wa nusu kilo ya mchele, yaani vikombe viwili na nusu, unataka maji vikombe vinne kasoro robo. Ni pungufu ya maji uliyozoea kwa sababu kapuni hakuna mvuke unaopotea. Chemsha maji na mafuta na chumvi, tia mchele, ukirudi kuchemka funika na uhesabu dakika tano. Ingiza kapuni, funika kwa mto, acha dakika arobaini na tano. Usichungulie. Kila ukifunua unatoa joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha, na wali unabaki na kiini. Kosa jingine ni kupika kidogo kwenye sufuria kubwa: chakula kidogo kina joto kidogo la kutunza. Sufuria ijae angalau theluthi mbili, la sivyo tumia ndogo zaidi.

Wali wa kapuni uliwe siku hiyohiyo, ungali wa moto. Mchele huja na mbegu za bakteria ambazo haziuawi na kuchemka, na joto likishuka chini ya nyuzi 60 huanza kuota na kutoa sumu isiyoondoka hata ukipasha moto upya. Kwa hiyo kapu lisigeuzwe kabati la kiporo.

Maharage yana sheria yake, na hapa kitabu kisilegeze sauti. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko mkali tu. Joto la nyuzi 80 haliivunji. Linaweza hata kuizidisha. Anayeloweka, akachemsha kidogo na kukimbilia kuweka kapuni anawaandalia wenzake usiku wa kutapika. Loweka nusu kilo usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha kwa moto mkali dakika thelathini nzima. Ndipo yaingie kapuni kwa saa tatu hadi nne. Yakitoka, yarudishe motoni yachemke dakika kumi pamoja na vitunguu na nyanya.

Nyanya zisitangulie. Asidi yake hufanya maharage yakatae kulainika, na ndiyo sababu ya sufuria nyingi zinazolaumiwa kuwa "maharage ni ya zamani". Magadi hulainisha kweli, ila huua vitamini B1 na yakizidi kidogo chakula kinanukia sabuni. Ncha ya kijiko inatosha nusu kilo.

Jambo moja ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani havilitaji: Kigoma mjini tuko kama mita 775 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemkia nyuzi 97 hivi. Tabora, kwenye mita 1,200, ni nyuzi 96. Ukipanda milima ya Kasulu yanachemka mapema pia. Mpishi aliyetoka Dar es Salaam na dakika zake kichwani aziongeze, asilaumu mkaa.

CHUPA YA CHAI

Ni mdogo wake kitabu cha kapu, kwa wanaoishi geto au hosteli. Chupa ya chai ya lita moja, mdomo mpana, ya chuma ndani. Ile yenye kioo ndani haifai kwa kupikia: hupasuka ikikutana na joto la ghafla au kijiko, na vipande vyake havionekani ndani ya wali. Ipashe kwanza kwa maji yanayochemka, dakika tano, uyamwage. Mchele robo tatu ya kikombe, maji yanayochemka vikombe viwili na robo, chumvi, kijiko cha mafuta. Tikisa, ilaze ubavu ili mchele usirundikane chini, acha saa moja. Unatoka laini, karibu na bokoboko. Anayetaka wali wa kuchambuka aende kwenye kapu. Maharage makavu yasiingie humo kabisa, kwa sababu iliyokwisha kutajwa.

MCHANGA BADALA YA OVENI

Skonzi na keki za jiko la mkaa si habari mpya, ila wengi hukosea mgawanyo wa moto. Kanuni: mkaa mwingi juu, kidogo chini. Theluthi mbili juu ya mfuniko, theluthi moja jikoni. Ukigeuza hesabu hiyo unapata skonzi nyeusi chini na unga mbichi juu.

Chukua sufuria ya zamani yenye kitako kinene, kwa sababu nyembamba hupinda ikipashwa kavu. Weka mchanga uliochekechwa na kukaushwa juani kabisa, kina cha vidole viwili. Mchanga wenye unyevu hutoa mvuke, na skonzi badala ya kuokwa zinachemshwa. Funika, weka mkaa juu na chini, pasha dakika kumi na tano. Ili kujua kama iko tayari, weka kisahani cha bati chenye unga kidogo juu ya mchanga: ukigeuka kahawia ndani ya dakika moja hivi, ni sawa, ukiwa mweusi, punguza mkaa wa chini.

Donge: unga wa ngano vikombe vitatu, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi nusu kijiko cha chai, mafuta vijiko vitatu, maji ya vuguvugu kikombe kimoja na kidogo. Kanda dakika kumi, acha liumuke saa moja, kata, panga kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, acha dakika ishirini tena. Sufuria ndogo ikae juu ya mchanga bila kugusa kuta za kubwa. Dakika ishirini na tano hadi thelathini. Unapofunua, inua mfuniko wima, usiuinamishe. Majivu yakidondoka ndani hakuna kitabu cha kukuokoa.

Mafuta hayo yakiwa mawese, skonzi hutoka za manjano na harufu yake. Wapo wasioipenda. Mimi naziona bora kuliko za siagi, hasa kwa chai ya rangi.

CHUPA YA LITA MOJA NA NUSU

Kitabu cha asiye na bakuli, mchapo wala muda wa kuosha vyombo. Sura yake kuu ni chapati za maji. Tia kwenye chupa maji vikombe viwili kwanza, kisha chumvi nusu kijiko, sukari kijiko, yai lililokwisha kupigwa, mwisho unga vikombe viwili kwa faneli ya karatasi. Mpangilio huu usibadilishwe: unga ukitangulia hushika kitako cha chupa na hautoki hata kwa matusi. Chupa ibaki na nafasi tupu ya kutosha, maana kinachovunja mabonge ni mtikisiko. Tikisa dakika mbili, acha ikae dakika ishirini ili unga unywe maji, tikisa tena. Ikiwa nzito kupita kiasi, ongeza maji kwa vifuniko vya chupa, kimoja kimoja. Kifuniko cha plastiki ni karibu kijiko cha chai.

Mimina moja kwa moja kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, zungusha kikaango. Chapati ya kwanza itaharibika. Kikaango kinakuwa bado hakijapata joto sawasawa, kwa hiyo imimine ndogo. Chupa usiirudishe jikoni kesho yake. Shingo haisafishiki vizuri, na yai lililobaki humo linaoza.

HAKUNA MBOGA

Kila nyumba ya ukanda huu ingepaswa kuwa na kopo la mchuzi mkavu, na kitabu hiki kingekuwa na ukurasa mmoja tu wa kulitengeneza. Dagaa wa Kigoma waliokauka, vikombe vitatu. Waliokaushwa kwenye chanja ni rahisi. Waliokaushwa mchangani wana kazi. Watie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, vuruga kwa mkono, mchanga utazama. Watoe kwa kuwainua na viganja. Ukimimina kwenye chujio, mchanga uliokuwa umetulia chini unawarudia palepale. Rudia mara mbili, kisha waanike upya hadi wavunjike kwa kidole. Hatua ya kuanika ndiyo inayorukwa na wenye haraka, na ndiyo inayofanya kopo lote liote ukungu.

Wakaange bila mafuta kwa moto mdogo dakika saba hadi nane, watwange, chekecha. Kwa kila vikombe viwili vya unga huo ongeza kikombe kimoja cha karanga zilizokaangwa na kutwangwa, vijiko viwili vya chai vya chumvi ya Uvinza, na pilipili kavu kwa kadiri ya ukorofi wa nyumba. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe kabla ya kukaangwa. Sumukuvu haiondoki kwa moto wa kikaango. Kopo la kioo lifungwe vizuri na liishe ndani ya wiki mbili, kwani mafuta ya karanga huchacha.

Mchuzi wa watu watatu: kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili kwa vijiko viwili vya mawese, ongeza maji vikombe viwili. Pembeni, vuruga vijiko vinne vilivyojaa vya unga wa kopo na maji baridi nusu kikombe, kisha mimina huku ukikoroga. Ukiutupa unga mkavu kwenye maji yanayochemka, nje ya kila bonge huiva na kufunga, ndani unabaki mkavu. Dakika nane, ukikoroga hadi chini, kwa kuwa karanga hushika sufuria.

Mawese nayo yana adabu yake. Asubuhi za kipupwe hugawanyika chupani, mazito chini na mepesi juu. Anayemimina bila kupasha humaliza mepesi na kubaki na nusu chupa ya donge. Simamisha chupa kwenye maji ya moto kidogo, tikisa, ndipo utumie. Na usiyachome hadi yapoteze wekundu. Wekundu ule ndio karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, na moto mkali huiharibu.

PASIPOKATWA

Kitabu hiki kingechapishwa kwa jalada jekundu, na utani wake uishie kwenye jina. Ni orodha ya njia ambazo hazina mkato, na juu kabisa ni muhogo mchungu. Muhogo huo ukilowekwa siku tatu au nne huvunda, na sianidi iliyomo hutoka. Ukilowekwa usiku mmoja kwa sababu soko linangoja, unga unaonekana mweupe na mzuri, na sumu imo. Kula unga wa namna hiyo kwa wiki nyingi, bila mboga ya maana ya protini, huleta konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu kwa maisha yote. Mlipuko wake uliwahi kurekodiwa Tarime mwaka 1985.

Upo msaada wa nyongeza kwa unga unaoutilia shaka, uliobuniwa na mtafiti Howard Bradbury na wenzake huko Australia na kutumiwa vijijini Kongo. Weka unga bakulini bila kushindilia, tia alama kwenye kimo chake. Ongeza maji kidogo kidogo ukichanganya: unga utashuka, kisha utaanza kupanda. Ukifika tena kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye mkeka au turubai, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Unyevu huamsha kimeng'enya kilichomo ndani ya unga wenyewe, kinaachia sianidi, nayo huondoka na hewa. Ukiwa mnene sana kwenye mkeka, wa chini haupumui. Pika ugali siku hiyohiyo. Hii huja baada ya kuloweka, haichukui nafasi yake.

Sombe, yaani kisamvu, iko kwenye kitabu hichohicho. Kutwanga majani si kwa ajili ya ulaini peke yake: kunavunja jani na kuanzisha utokaji wa sumu. Anayechemsha majani mazima ili atwange baadaye, kwa kuwa yakishaiva ni rahisi kutwangika, ameua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Twanga mabichi, au nunua sokoni yaliyokwisha kutwangwa, chemsha bila mfuniko dakika ishirini za mwanzo, kisha funika uendelee hadi ukali uishe. Karanga na mawese vije mwishoni.

PASI NA BIRIKA

Hivi viwili vingebanwa jalada moja kwa sababu havina mengi. Pasi ya umeme ikiwekwa kwenye alama ya pamba, bila mvuke, inachoma mkate vizuri: vipande viwili, katikati siagi ya karanga na ndizi mbivu iliyopondwa, nje mafuta kidogo, funga kwa foili mara mbili, weka pasi juu dakika mbili hadi tatu kila upande. Usikandamize. Foili ikitoboka, shati la Jumatatu litanukia ndizi.

Birika la umeme liache kwa maji. Hujizima kwa mvuke unaopita kwenye kibati kidogo karibu na mfuniko, hivyo likiachwa wazi halijizimi kabisa. Tambi zikichemkia humo hutoa wanga unaopanda kama povu la sabuni, ukashika kitako na kuungua. Mayai yanaruhusiwa: yaoshe, yafunike kwa maji, washa, likijizima yaache dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Tambi zimwagiwe maji ya moto kwenye bakuli lenye mfuniko. Ile hita ya kuchovya kwenye ndoo haimo kitabuni. Ni ya maji ya kuoga, na hata huko ichomolewe kabla ya kuingiza mkono.

STESHENI KWA STESHENI

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na bado hakuna aliyetunga kitabu kinachopikwa kwa ratiba yake. Kingeanzia Tabora: asali na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Kingepita Uvinza kuchukua chumvi, na kumalizikia Kigoma kwa mawese na dagaa. Anayepandia Kigoma angekisoma kutoka nyuma.

Pishi lake la kwanza ni michembe vikombe vitatu, ioshwe mara mbili, ifunikwe kwa maji vidole viwili juu yake, ichemke dakika thelathini hadi arobaini. Karanga zilizotwangwa nusu kikombe na chumvi kidogo ziingie dakika kumi kabla ya kuepua. Asali vijiko viwili baada ya kuepua. Ikichemka, harufu yake hupotea na unabaki na utamu mtupu, ambao hata sukari ingeutoa kwa bei ndogo.

KITABU CHA YALIYOHARIBIKA

Hiki ndicho ningekinunua kwanza. Hakina mapishi ya kuanza, kina ya kuokoa tu, na faharasa yake imepangwa kwa dalili.

Chumvi imezidi: kiazi kinachotumbukizwa mchuzini hunyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, kinachobaki kina ukali uleule. Dawa ni kuongeza wingi: maji, nyanya, maharage yasiyo na chumvi. Wali una kiini na maji yamekwisha: nyunyiza robo kikombe cha maji ya moto, siyo baridi, funika kwa kitambaa chini ya mfuniko, moto mdogo dakika kumi. Ugali wa muhogo una mabonge: epua, bana mabonge kwenye ukuta wa sufuria kwa mwiko uliochovywa maji ya moto, rudisha. Kuongeza unga hapo ni kuongeza mabonge. Ndiyo maana kikombe kimoja cha maji yanayochemka huwekwa kando kabla unga haujaingia.

Harufu ya kuungua iwe ukurasa wa kwanza kabisa, kwa herufi kubwa, maana hapo hakuna muda wa kupekua. Epua. Usikoroge na usikwangue. Mimina chakula cha juu kwenye sufuria nyingine na ukome pale kinapoanza kugoma kumwagika. Onja kilichohama; kikiwa na moshi kidogo, kitunguu kilichokaangwa na nyanya mbichi huufunika. Kilichobaki chini kiloweke kwa maji na kijiko cha magadi, ukioshe kesho.